Bomba la Kuku Siku ya Wakwe

Ule mwaka unga ulipanda mpaka Nyalenda yote tukawa tunakula nduma asubuhi na omena, dagaa wa ziwani, jioni, na mwenye ugali wa kushiba alifunga mlango kwanza, ndio mwaka nilioaibika mbele ya wakwe, na nasema mwenyewe kwa sababu hata nikinyamaza majirani watasema.

Unga ukiwa hivyo, kuku atakula nini? Jirani yangu hupika busaa, pombe ya nafaka (simtaji, tunasali kanisa moja), akawa ananipa machicha, nayaanika juu ya gunia mpaka yakauke, ukali uishe, ndio nawamwagia. Lakini kuku hana shukrani, anaparua, anatawanya, ananya juu yake. Basi nikachukua kipande cha bomba la plastiki, nikakitia kiwiko chini, nikakifunga wima ukutani kwa waya: unamimina juu, chakula kinashuka chenyewe. Nilikaa kwa kigoda nikaliangalia kama mtoto wa kwanza. Shule niliacha darasa la tatu, na hakuna fundi wa mtaa wa Mamboleo wa kunifundisha kitu.

Sasa mjukuu wangu Akinyi, niliyemlea tangu ananyonya, alikuwa amepata kijana, Otieno, wa Luanda Kotieno, na wazazi wake wakasema wanakuja kuona nyumba. Watu wa kanisa kali hao, hata soda nyeusi wanaitazama kwa jicho la pembeni.

"Dani, wakinikataa nitakufa," Akinyi akaniambia mimi nyanya yake.

"Hufi. Osha sufuria."

Sikutaka kuku wenye njaa walie miguuni mwa wageni, lakini mvua ilikuwa inanyesha kila siku, machicha hayakauki, basi (hapa ndipo nilipokosea) nikayajaza bombani mabichi, nikaziba mdomo wa chini kwa kitambaa, nikayaacha yapate joto la ukuta mpaka siku yenyewe. Asubuhi hiyo nikachinja mmoja, kisha nikazibua.

Wageni walikuja mchana ule mwororo, upepo wa ziwa unaingia na harufu ya magugu, pazia linapumua polepole, sauti zote zinasikika kama zinatoka mbali, na mimi nimekaa hapo kama niko ndotoni, naona tayari arusi, naona vitukuu. Nikamwambia baba ya kijana, Mzee Okelo, "Hapa kwangu pombe hata jina lake haliingii."

Ndipo kuku wakaingia.

Waliingia taratibu, kama wanaotembea chini ya maji. Mmoja akaegemea ukuta akapumzika. Jogoo aliinua mguu mmoja akasahau pa kuuweka, akazunguka, akamwinamia Mzee Okelo kwa heshima, akalala juu ya kiatu chake.

"Mama," mzee akasema, anavuta mguu, "kuku hawa wana kideri?"

Mnajua kideri, ule ugonjwa unaofagia boma zima. Mwenzao yuko kwenye sufuria, na mama ya kijana ameshaweka sahani chini! Nikisema ni ugonjwa, hawali, na mkwe akitoka kwako na njaa, maneno yameisha hapo. Nikisema ukweli, je? Nikamtazama Akinyi mlangoni, amebeba ugali.

"Si wagonjwa. Wamelewa."

"Wamelewa nini?"

"Machicha ya busaa, Mzee. Nimewapa mimi. Kwa bomba."

Jogoo akaanza kuwika, akaacha katikati. Halafu nikaona mabega ya mama ya kijana yanatikisika, leso mdomoni.

"Yawa! Baba Otieno, si ni wewe huyu kabla hujaokoka? Ulilala hivi hivi kwa viatu vya baba yangu!" akamwambia mumewe.

Mzee akainama, akachungulia sufuria. "Huyu wa sufuria," akauliza, "alichinjwa kabla ya bomba?"

"Kabla, Mzee. Alikufa akili timamu."

"Lete ugali."

Walikula mpaka mifupa, na Akinyi yuko kwao sasa, amenenepa. Shida yangu ni huyo mzee. Siku hizi anafuga, kila mara ananipigia simu, eti nimtengenezee lile bomba, watu wa kwao hawaamini hadithi yake. Nikamjibu, "Mzee, sitengenezi bomba, watupie kuku chakula chini."

Juzi akaja mwenyewe, amebeba bomba begani na kiwiko mfukoni, akakaa, akanywa chai yangu.

"Mama, hata dogo tu?"

"Mzee, sitengenezi bomba, watupie kuku chakula chini."