Kitanda Alichokikojolea Paka

Majina ya wote waliokula ile pilau ninayo kichwani mpaka leo. Siyaandiki. Wengine wako hai na wananiamkia vizuri.

Miaka ile ya vita hapa mtaani kwetu Buyenzi, hata paka alilala ndani. Jua likizama, mlango tia komeo. Mwanangu, fundi wa magari, ndiye aliyemwekea paka karai ukumbini, na akirudi garaji alileta mfuko wa vumbi la mbao, lile wanalomwaga chini kunyonya oili. Paka anachimba, anafukia, nyumba hainuki.

Asubuhi moja mwanangu akaenda Cibitoke kutafuta spea. Hakurudi. Maiti hakuna, kaburi hakuna, habari hakuna. Mi nikawa namtandikia kitanda kila siku, shuka safi, mto mahali pake. Nilijiambia, mtu ambaye kitanda chake kimetandikwa hasomewi hitima.

Ndipo paka akaanza kukikojolea. Karai nilikuwa nalijaza jivu la jikoni. Vumbi la mbao nani angeniletea? Analinusa jivu, anageuka, anapanda godoroni. Nilifua kwa sabuni, nikasugua kwa ndimu, nikampiga kwa ufagio. Kesho yale yale. Na mkojo ni najisi, chumba kikawa hakisaliwi.

Wifi yangu, niliyekuwa nikiishi naye tangu mume wangu afe, alisimama mlangoni ameziba pua kwa mtandio.

"Wifi, paka anajua. Haiwezi kojolea kitanda ya mutu angali hai."

"Paka amekuwa nabii sasa?"

"We cheka tu. Mutoto anangoja dua huko aliko, na we unamunyima."

Hilo la dua lilinichoma. Majirani nao wakalidaka: paka kaona, paka kasema. Nilichoka kufua, nikachoka kubishana. Nikakubali. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, nguo zake zikagawiwa, kitanda na godoro vikatolewa sadaka.

Godoro lilipoondoka, paka akahamia mkeka wa wifi. Wifi akamkimbiza nabii wake kwa ufagio.

Siku moja fundi mwenzake mwanangu akaja kutupa pole, amebeba mfuko. "Mama, alikuwaga anabeba hii ya paka. Nimesema nikuletee."

Nikamwaga jivu, nikajaza vumbi la mbao. Paka akaingia kabla sijainuka, akachimba, akakojoa, akafukia. Tangu hapo hata tone halikuanguka nje ya karai. Jivu tu ndilo hakulipenda.

Nikamwita wifi. "Haya, muulize nabii wako."

Akatazama karai, akatazama mkeka wake. "Alhamdulillahi," akasema, "paka amepona."

Mwanangu hajarudi. Huenda alikufa siku ileile, sibishi. Lakini nilimsomea hitima kwa sababu paka alichukia jivu, na asubuhi nikiamka sina kitanda cha kutandika.