Upande wa Mume

Nilikuwa na diploma. Naanza na hilo kwa sababu bila diploma kusingekuwa na kitabu, na bila kitabu dada yangu angebaki vile alivyokuwa. Niliipata Uvira kabla ya vita, diploma ya ualimu, na tulipokimbia niliibeba kifuani chini ya shati, imefungwa kwa nailoni. Ilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, ikisomeka kila herufi. Wengine walifika na sufuria. Siwacheki, sufuria ni kitu. Lakini mimi ndiye niliyepata kazi Lilongwe.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha Kifaransa watoto wa mfanyabiashara mmoja. Siku za kazi nililala Mtandire, mtaa wa hapo Lilongwe, katika chumba cha kupanga chenye paa lililoshikiliwa na mawe, na kila asubuhi nilitoka humo shati langu limepigwa pasi. Majirani walidhani nafanya kazi serikalini. Jumamosi nilipanda minibasi kurudi Dzaleka kwa dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, nikiwa na sabuni na sukari mkononi. Sikuwa mtu wa kusubiri siku ya kugawiwa unga.

Siku moja mama wa nyumba niliyofundisha alikuwa anapunguza vitabu. Akanipa riwaya moja ya Kifaransa isiyo na jalada, kwa hiyo sikujua jina lake wala la mwandishi, na mpaka leo sijui. Nikasema zikomo, asante ya kwao. Nilikisoma chote Mtandire. Kilihusu mwanamke ambaye mume wake alitoweka wakati wa vita, katika nchi isiyotajwa, na baada ya miaka akaja mwanamume mwingine kumposa.

Nilipokifunga nilijua ni nani atakayetaka kukisikia.

Mume wa yaya alipotea mwanzoni mwa vita ya pili ya Kongo. Tulikuwa tunashuka kutoka milima ya Fizi, nilikokuwa nafundisha, tukielekea ziwani: yeye, yaya, watoto wao wawili na mimi. Njiani akasema anarudi kumchukua mama yake, aliyebaki nyuma kwa sababu ya mguu. "Tangulieni," alisema. "Nitawakuta ziwani." Tulingoja mpaka wenye mitumbwi wakakataa kungoja zaidi. Hatukumwona tena, wala hatukukutana na mtu aliyemwona.

Pale Dzaleka kulikuwa na mwanamume kutoka Bukavu aliyeuza nguo za mitumba, ambazo Wamalawi huziita kaunjika. Mke wake alifariki kwa ugonjwa kabla ya safari. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, na alimtaka yaya. Wazee wa kanisa walisema mwanamke mwenye mume hafungishwi ndoa nyingine: alete mtu aliyeiona maiti ya mume wake, au angoje. Yaya hakusema ndiyo wala hapana. Alikaanga mandasi zake, ndiyo maandazi ya kule, akauza, akarudi ndani. Nilimwuliza mara moja anataka nini. Akajibu, "Nataka mafuta ya kukaangia yashuke bei." Sikumwuliza tena. Wakati ule tulikuwa hatuulizani sana. Mtu alikuwa anaweza kukueleza jinsi watu wake walivyokwisha, nawe unamsikiliza huku unatafuta kijiko.

Nilianza kuwasomea Jumapili baada ya ibada, nyuma ya nyumba ya yaya, kwenye kivuli cha ukuta. Macho yangu yalisoma Kifaransa, mdomo ukatoa Kiswahili bila kusimama. Hakuna mwingine kambini aliyeweza kufanya hivyo; walijaribu wawili wakakwama mstari wa kwanza. Watu walianza wachache, kisha wakajaa mpaka njiani, na mandasi za yaya zikawa zinaisha mapema.

Niliwaza nitasoma na wao watanyamaza, kama darasani. Hawakunyamaza hata sura moja.

"Huyu mwanamke ni wa wapi?" akauliza mama mmoja wa Uvira siku ya kwanza.

"Kitabu hakisemi."

"Atakuwa wa kwetu. Namna hiyo ya kunyamaza akiulizwa, mi naijua. Alikuwa jirani yetu, nyuma ya soko."

"Mama, huyu ni mtu wa kitabu. Ametungwa."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini aliyemtunga alimwona wapi?"

Nilipofika mahali ambapo mwanamke anakimbia na valizi mbili, masanduku ya nguo, walicheka mpaka nikafunga kitabu.

"Valizi! Mbili!" alisema shemasi mmoja wa kanisa, mzee mnene aliyependa kusimama anapozungumza. "Huyu mwandishi hajakimbiaka hata siku moja. Na hizo valizi, zinabebwa na nani? Na malaika?"

"Aandike sufuria!" mwingine akapiga kelele. "Sufuria na mutoto. Basi!"

Nilijaribu kuwafundisha. Niliwaeleza mhusika mkuu ni nini na dhamira ni nini, maana hayo niliyasoma na nilipata alama nzuri kuliko wote. Waliitikia kwa heshima, kisha wakarudi kwenye mambo yao: muhogo aliouacha jikoni ulioza au uliliwa, mbona mwandishi hasemi watoto waliugua, na huyu mwanamume wa pili anayekuja kila Ijumaa, Jumatatu hadi Alhamisi anakaa kwa nani.

Sura zilivyosonga niliona kicheko kinapungua. Walianza kumhukumu yule mwanamke, na kila anayehukumu alitupa jicho upande wa karai la mandasi. Kwetu huwezi kusimama mbele ya mwanamke ukajadili kitanda chake. Ana ndugu, watakuuliza. Mwanamke wa kitabu hana ndugu. Basi walimsema yeye. Mmoja alisema ni malaya. Mwingine akasema afadhali malaya kuliko mjinga anayemngoja marehemu. Yule muuza kaunjika alikuwepo kila Jumapili, amekaa nyuma juu ya furushi lake. Yaya naye aligeuza mandasi kwa uma mrefu, uso wake kama ukuta. Mimi nilisoma kilichoandikwa. Sikuongeza, sikupunguza.

Mwisho wa riwaya ile ni huu. Mwanamke anaolewa na mwanamume wa pili. Siku anapohamia nyumba yake, anachukua viatu vya mume wa kwanza, ambavyo amevitunza miaka yote, anaviweka nje mlangoni, anaingia, anafunga mlango. Hapo kitabu kinaisha.

"Na kisha?" akauliza yule mama wa Uvira.

"Kimeisha."

"Kimeisha vipi? Viatu viko nje!"

Nikawaeleza kwamba viatu ni ishara. Nikasema mwandishi anaonyesha mwanamke amefunga maisha ya zamani. Ni maelezo mazuri, ningeyatoa hata leo. Lakini kijana fundi baiskeli akasema hapana, viatu vinawekwa mlangoni ili mwenyewe akirudi avione, ajue nyumba ni hii. Mwingine akasema viatu huwekwa nje vikiwa na tope, kwa hiyo ni uchafu umetolewa. Wakapandishiana sauti. Ndipo shemasi akasimama.

"Bon. Tufanye kama kwenye mahari," akasema. "Tandikeni mikeka miwili. Huu upande wa mke, huu upande wa mume. Kila mtu akae kwa ndugu zake, na kila upande utoe msemaji. Tumalize hili jambo leo."

Watu walifurahi. Walitandika. Kisha wakaanza kwenda kukaa, na wote wakaenda upande wa mke. Hata yule aliyemwita malaya alikwenda huko, akajibana pembeni. Nilielewa. Yaya alikuwa pale pale, na waliokula mandasi zake hawakuwa na uso wa kukaa kinyume chake. Mkeka wa mume ukabaki mtupu, na kuku mmoja akapita juu yake.

"Basi mume hana ndugu," shemasi akasema. "Kesi imekwisha."

Yule muuza kaunjika akainuka. Akaacha furushi lake, akavua ndala, akaenda kukaa peke yake kwenye mkeka wa mume.

Walipiga kelele kama uwanjani.

"We! Unajichimbia kaburi!"

"Shemeji, umepotea njia! Kwenu ni huku!"

"Ni jua hilo. Mupeni maji!"

Alingoja wamalize. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mi nasemea huyu bwana, sababu hayuko. Mwalimu amesoma kitabu chote, mi nasikiliza. Mwanamke anasema, mwanamume wa pili anasema, jirani banasema. Yeye hakupewa hata neno moja. Alipotoka, alibeba chakula gani? Alilala wapi siku ya kwanza? Hakuna mtu hapa aliuliza. Mwandishi pia hakuuliza."

"Kwa hiyo mke angoje?" shemasi akamwuliza. "Unasema angoje?"

"Hapana. Sijasema hivyo. Aolewe. Ana batoto, na maisha iko ndefu. Lakini viatu virudi ndani."

"Ndani ya nyumba ya mume wa pili?"

"Njo hivyo. Ndani. Kama huyo mume wa pili hawezi kulala nyumba moja na viatu vya mtu, asioe."

Shemasi alitazama upande wa mke apate msemaji, na hakuna aliyeinuka. Mandasi zilikuwa zinaungua. Yaya alizitoa moja moja, akazitupa, akaondoa karai motoni.

Jioni ile, kabla sijakwenda kupanda gari la Lilongwe, yaya alinipa maji ya kunawa akasema, "Mwambie aje."

Nikamwambia amekaa upande wa mume, watu wote wameona.

"Wazee wanataka mtu aliyeiona maiti," akasema. "Huyu ameuliza alibeba chakula gani." Kisha akaingia ndani. Siku ile mlimani yaya alikuwa amemfungia mume wake mihogo ya kuchemsha, ndani ya kitambaa cha buluu. Hilo nilikuwa nimelisahau, na nilikuwepo.

Kanisa lilichelewa kubariki ndoa ile, lakini shemasi mwenyewe alikubali kuwa msemaji nyumbani. Mimi nilisimama kwa upande wetu, kwa kuwa ndiye mwanamume niliyebaki na ndiye niliyejua kusema. Yule bwana alileta mbuzi wawili. Mmoja tulimla. Wa pili alimfunga nyuma ya nyumba akasema si wetu. Kwetu mwanamke akiolewa tena, mahari ya mume wa kwanza hurudi kwa watu wake. Watu wake hawakuwepo, basi mbuzi angewangoja. Alizaa. Watu walikuja kumtaka wakati wa njaa na sikukuu, wakajibiwa kwamba ana wenyewe.

Vita ilipokwisha, au iliposemwa kwamba imekwisha, nilirudi Uvira. Nilirudi na nguo nzuri na fedha ya mabati. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na shule ninayoiongoza nimeijenga kutoka madarasa mawili ya miti. Hakuna aliyenishika mkono.

Mama wa yule shemeji aliyepotea nilimkuta sokoni, akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa amevushwa mlima mgongoni kwa mtu mwingine kabisa. Mwanawe hakumfikia. Mama alijua hilo tu. Kwamba mwanawe alikuwa amegeuka kumfuata, nilimwambia mimi. Alinipa kigoda nikakaa. Nilikuwa nimewatangazia watu wengi vifo bila shida, lakini la ndoa sikujua pa kulianzia, basi nikamsimulia kitabu. Nikamsimulia mwanamke, valizi, Ijumaa, viatu, mikeka miwili. Alisikiliza huku anafukuza nzi.

"Na huyo aliyekaa upande wa mume," akauliza, "naye ni wa kitabuni?"

"Hapana, mama. Huyo ni wa kweli. Amewafungia mbuzi wa kurudisha mahari yenu."

Akaendelea kuchambua ndagala. Hakuniuliza mke ni nani.

"Huyo mbuzi amezaa?"

"Amezaa, mama. Watatu."

"Waambie bamuchinje. Bakule na majirani, baseme ni matanga ya mwanangu. Vitoto vibaki kwa wajukuu wangu."

Nilingoja nione kama machozi yatanijia. Hayakuja. Alinifungia ndagala kwenye gazeti, akaongeza konzi moja juu, nikaenda kutafuta simu.

Nilimpa yaya, aliyebaki Dzaleka, maneno ya mama mkwe wake, akauliza kama nalia. Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli. Nikasikia anamwita mume wake, anamwambia alete kisu na aite watu.