Alimpima Farasi wa Baba Yake, Akasema "Pitisha!"

Saa tatu asubuhi, baridi ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Dulamjav anamimina maji ya moto kwenye karai la pumba, anavua glavu na kukoroga kwa mkono mtupu. Pumba zikiganda kabla hazijaliwa, kazi bure. Farasi kumi na saba wamejibanza nyuma ya ukuta wa samadi kavu, mvuke ukiwatoka puani, wanamsubiri.

"Hawa hawana meno," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiwapa nyasi kavu bila kuzisaga na kuziloweka, watazungusha mdomoni, wateme. Watakufa njaa huku wanatafuna."

Mkubwa wao ana miaka ishirini na tisa. Anaitwa Kahawia. Hapa Khentii, mashariki mwa Mongolia, farasi hapewi jina la mtu. Rangi yake ndiyo jina lake. Kwenye singa za shingo yake unaning'inia utepe wa hariri wa buluu.

Utepe huo aliufunga baba yake Dulamjav, baada ya Kahawia kumrudisha nyumbani katikati ya dhoruba ya theluji, mzee akiwa hajitambui. Lama, mtawa wa Kibudha, alisoma dua, farasi akaoshwa kwa maziwa. Tangu siku hiyo hakuna wa kumuuza wala kumchinja. Azeeke, afie kilimani kwa wakati wake. Baba akafa akijua hilo limekwisha.

Halikuwa limekwisha.

Kwa miaka kumi na mmoja Dulamjav, sasa ana miaka hamsini na minane, alikuwa karani wa mizani kwenye machinjio nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kusoma sindano, kuandika kilo na kupaza sauti: "Pitisha!" Msimu wa kuweka akiba ya nyama ya majira ya baridi, farasi tisini kwa siku.

"Nilikuwa siwatazami," anasema. "Natazama namba."

Novemba, miaka minne iliyopita, aliandika kilo 312, akapaza sauti kama kawaida. Geti likafunguliwa. Farasi alipompita, aliona chapa pajani: mwezi mwandamo juu ya pete. Chapa ya baba yake. Akaona na sikio la kushoto lililochanika: ni Kahawia.

Shingoni hakukuwa na utepe.

Aliruka uzio, akasimama katikati ya kichochoro cha vyuma mikono ameitanua. Mchuuzi wa mifugo aliyemleta, Sodnom, alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Dada Dulam, unampima au unamposa?"

"Mrudishe!"

"Nimrudishe vipi, umeshamwandika? Kilo mia tatu na kumi na mbili. Tena mwandiko wako mzuri, huna haja ya kukana."

Walizozana mpaka Sodnom akakubali kubadilishana kwa ng'ombe wa Dulamjav pamoja na ndama. Lakini zamu ilikuwa ya farasi thelathini, na thelathini lazima watimie. Sodnom akateremsha mwingine kutoka kwenye lori: jike mzee, mweupe, asiye na chapa ya mtu yeyote anayemjua. Dulamjav akarudi kwenye mizani. Kilo 288.

"Nikasema 'Pitisha!'" Anajifunika mdomo kwa kiganja chenye pumba. "Kahawia nimemfunga pale nje, bado anahema, na mimi nasema pitisha. Mdomo ulishazoea."

Nani alimuuza Kahawia? Usiende mbali. Amekaa ndani ya hema la sufu, anakunywa chai ya chumvi. Ni Gonchig, mdogo wake Dulamjav, aliyerithi kulichunga kundi la baba. Hakwepi swali.

"Utepe ulikatika," anasema. "Nikajua dada atakuja kufunga mwingine. Yeye ndiye mkubwa."

"Na mimi nikajua atafunga yeye," dada anadakia kutoka mlangoni. "Yeye ndiye anakaa nao!"

Miaka miwili Kahawia alitembea shingo wazi, kila mmoja akimwachia mwenzake. Kisha ikaja ile baridi iliyoua mifugo mia mbili ya Gonchig. Vuli iliyofuata alichambua farasi wazee kumi na wawili, akawapandisha kwenye lori.

"Nilikuwa nahesabu vichwa tu."

"Vichwa! Hukuona hata sikio?"

"Wewe je? Si ulikuwa unahesabu kilo?"

Dulamjav anachukua birika na kumwongezea chai.

Wiki ile ile ya Kahawia, Dulamjav aliacha kazi. Swali moja lilimfukuza pale, na bado halijamwachia. "Kahawia nilimwokoa kwa sababu ni wa baba. Yule mweupe kosa lake nini? Kukosa jamaa kwenye mizani?"

Tangu hapo amechukua wengine kumi na sita. Yupo aliyeleta medali tano za mbio. Yupo aliyevuta maji ya shule kwa miaka kumi na minane, siku ya malipo yake akapelekwa machinjioni. Wengine huwapata kwa kubadilishana na mbuzi. Wakifika hawaondoki, na kila mmoja hufungwa utepe.

Lama wa bonde mwanzoni aligoma. Utepe ni wa farasi mmoja mteule, alisema, si kamba ya kufungia mizigo.

"Basi nionyeshe nimrudishe yupi machinjioni," Dulamjav akamjibu. Lama alirudi na robota zima la hariri.

Siku hizi kila tarehe mosi Gonchig huja kukagua mafundo, na dada humfuata nyuma kukagua tena. Hakuna kumwachia mwenzako.

Majira ya joto Dulamjav anataka kuzungushia uzio bonde la ng'ambo ya kijito, akate nyasi zake mwenyewe za kutosha farasi thelathini. Lakini hiyo ni mpaka majira ya joto. Leo ana marobota 340 ya nyasi, yatakayowafikisha hawa hawa mwisho wa Aprili. Hakuna ziada.

"Wa kumi na nane atawazika hawa kumi na saba," anaonya Gonchig.

Simu inaita. Ni Nomuun, msichana aliyerithi mizani.

"Shangazi, kuna farasi mzee hapa, anaburuta mguu. Sijasema pitisha bado. Mchuuzi ananitukana."

Gonchig anaweka bakuli chini. "Dada, nyasi."

"Nimesikia. Ng'ombe wangu wawili wa mwisho waende kwa mchuuzi. Nyasi zao zitamtosha huyo mzee."

"Na maziwa utakunywa wapi?"

"Kwako."

Gonchig anatikisa kichwa, anatafuta funguo za lori. Kwenye simu Nomuun anaendelea harakaharaka: "Sindano inasema kilo mia mbili na—"

"Usiniambie uzito," Dulamjav anamkatiza. "Niambie rangi yake."