Gauni la Bi Waridi Lililokwama Mafinga

Shemeji yangu Waridi binti Jaha hakuwa mtu wa kuchelewesha kitu chake. Ukichelewa mara ya kwanza alikusikiliza, ukichelewa mara ya pili ulimkuta mlangoni kwako. Nayasema haya mimi Muharami, mdogo wa marehemu mume wake, niliyeshona naye baraza moja pale Iringa miaka kumi na miwili, cherehani yake upande wa kivuli na yangu upande wa jua. Alizoea kuwaambia wateja kwamba mimi ni fundi mzuri ila mwoga kama kunguru. Mimi niliendelea kushona, maana ni kweli.

Yeye ndiye aliyekuwa na gauni. Iringa nzima ukitamka neno gauni bila kusema la nani, watu walijua unasema hilo. Alilishona kaka yangu Halfani kwa ajili ya mchumba wa mlowezi mmoja wa tumbaku. Mchumba akaja kwa meli na treni, akatazama shamba, akatazama matope, akarudi kwao. Gauni likabaki mikononi mwetu, jeupe, lenye vifungo ishirini na viwili mgongoni, pamoja na shela lake na glavu zake. Kaka alipofariki watu walimshauri mjane aliuze apate cha kuanzia maisha, kwa kuwa hawakujaliwa mtoto wa kumtunza. Yeye akasema gauni hilo hilo ndilo litakalomtunza, akaanza kulikodisha.

Masharti yake yalijulikana. Gauni linatoka Ijumaa ndani ya sanduku la bati, linarudi Jumatatu. Jumanne linafuliwa, Jumatano linakauka kivulini, Alhamisi linapigwa pasi ya mkaa na kurekebishwa kiuno kwa bibi arusi anayefuata. Mwanamke wa Kiislamu ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, lakini kalenda ya kanisa aliijua kuliko makatekista. Alijua Majilio yanaanza lini na Kwaresima inaangukia wapi, kwa sababu siku hizo Wakatoliki hawaozi, na wiki za kabla yake kila mtu anataka gauni.

Mwaka wa hamsini na saba, wiki mbili za mwisho kabla ya Kwaresima, gauni lilikuwa na safari mbili. Ya kwanza ilikuwa Mafinga, kwa binti aitwaye Matilda, anayeolewa na Kasian, karani wa kiwanda cha kupasua mbao. Ya pili ilikuwa hapa hapa mjini, Jumamosi iliyofuata, kwa Verediana. Mchumba wa Verediana, Ambrosi, alikuwa amehamishiwa kazi Mbeya na alitakiwa kuondoka Jumatatu. Wakiikosa Jumamosi hiyo, basi mpaka baada ya Pasaka, yeye Mbeya na binti Iringa. Verediana alikuwa ameshakuja kupimwa mara tatu. Mara ya tatu alilia mbele ya kioo, na shemeji akamwahidi kwa mdomo wake kwamba Ijumaa asubuhi gauni litakuwa kitandani kwake.

Jumatatu ikafika, sanduku halikufika. Jumanne dereva wa lori la mbao, Othmani, akatuletea barua ya Kasian. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Alieleza kwamba kwa ukoo wao bibi arusi akishaingia nyumba ya mume havui nguo ya arusi mpaka shangazi wa bwana arusi amvue kwa mkono wake. Shangazi yake, Yudith, anakaa Madibira, na mito ya huko imefurika. Kwa hiyo anaomba wakae na gauni wiki moja zaidi, na yuko tayari kulipa mara mbili.

Nikamshauri shemeji akubali. Nilisema mila za watu haziguswi, na Verediana tutamshonea kitu chochote cha hariri, atatuelewa. Aliikunja barua, akaniuliza kama mimi ndiye niliyemwahidi Verediana au ni yeye. Kisha akamwuliza Othmani lori linarudi Mafinga lini.

Tuliondoka Jumatano asubuhi, yeye mbele na dereva ndani ya buibui lake, mimi nyuma peke yangu na mvua yote. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi, kwa wale na kwa hawa. Yeye alikuwa akila njugu.

Sasa kuna jambo moja la kumjua shemeji. Baba yake alikuwa mtu wa Kilwa aliyekuja bara na bidhaa, na Iringa wote walimhesabu mwanamke wa pwani. Lakini mama yake alikuwa Mngoni wa Songea. Wangoni na Wahehe, kabila la kina Kasian, walipigana zamani mpaka wakachoka, wakaishia kuwa watani, na mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaweza kukutukana msibani ukacheka. Anaweza kuingia kwenye shughuli yako akachukua kuku akaondoka naye, na wewe huruhusiwi kununa. Ungoni wake shemeji aliutunza kama pesa ya akiba, hautoi ovyo.

Siku ile aliutoa. Tulipofika kwa baba yake Kasian, mzee Saulo, wazee walikuwa wameketi barazani. Mimi nikaanza kusema "kamwene", salamu yao, huku nimeinama. Shemeji hakupiga hodi wala kusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda cha mzee Saulo, ambaye alikuwa ameinuka kutupokea, akakikalia. Akawatazama wote mmoja mmoja, akasema kwamba mama yake Mngoni alimwambia Wahehe ni watu wa ajabu, na leo ameona. Sisi, alisema, tulipowateka babu zenu tuliwapa hata nguo za kubadilisha. Ninyi mtoto wa watu mmemweka siku nne na nguo moja.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, wazee walikuwa wanacheka, na mzee Saulo anajifuta machozi kwa upindo wa koti. Mtani amekuja. Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa yake.

Akaruhusiwa kuingia kumwona bibi arusi. Alinisimulia baadaye alivyomkuta. Matilda alikuwa amekaa mkekani, mgongo wima, anaogopa hata kuegemea ukuta asichafue. Alikuwa analala ameketi. Uji alikuwa ananyweshwa kwa kijiko, taulo shingoni, na glavu hajavua. Alipomwona mwenye gauni alidhani amekuja kugombana, akaanza kulia. Shemeji akamwambia anyamaze, asije akatia machozi kwenye hariri.

Akarudi barazani akasimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa imeshuka, utani umepungua.

"Mzee Saulo," akasema, "kuna binti mwingine Iringa anaolewa Jumamosi. Asipovaa gauni hili, ndoa ni baada ya Pasaka, na mume atakuwa Mbeya. Nimempa neno langu. Leo naondoka na gauni."

Mzee Saulo akaacha kucheka. "Mtani, sisi hatukatai," akasema. "Lakini nguo hii anavua shangazi. Akiivua mama yake, au dada, au mke wangu, ni sawa na kumwambia shangazi asije tena hapa kwetu."

"Akiivua mtani je?"

Wazee waliongea kwa Kihehe, kwa sauti ya chini, muda mrefu kiasi cha mimi kutamani lori liondoke. Hatimaye mzee mmoja akasema kwamba mtani hashtakiwi, hilo linajulikana, lakini shangazi asiachwe mikono mitupu, lazima abakiziwe kitu cha kuvua. Shemeji akasema basi shela libaki. Shela ni la shangazi, avue atakapofika.

Alimfungua Matilda vifungo vyote ishirini na viwili, akamvua gauni. Binti hakuwa na nguo nyingine chumbani, maana masanduku yake yalikuwa kwa wifi, na kila mwanamke wa pale aliogopa kumvisha kitu kabla ya shangazi. Basi shemeji akavua khanga yake ya juu, mpya, akamfunga nayo kifuani, na shela akalirudisha kichwani pake. Akatoka na gauni mkononi kama mtu aliyenunua. Watu wa pale walituimbia mpaka tukapanda lori.

Alhamisi alifua, akakausha juu ya jiko la mkaa, akapiga pasi. Shela jipya nilishona mimi, kwa kitambaa cha chandarua bora kuliko vyote dukani, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Ijumaa asubuhi gauni lilikuwa kitandani kwa Verediana. Jumatatu aliondoka na Ambrosi kwenda Mbeya, na sanduku lilirudishwa kwetu kabla basi halijaondoka.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mwezi wa Julai, baridi ya Iringa inakata masikio, akaja barazani kwetu mwanamke mzee, mrefu, miguu ina vumbi la safari. Kichwani amejifunga shela letu la zamani kama kilemba. Nikalitambua, nikainuka kulipokea. Akanisukuma mkono.

"Mimi Yudith wa Madibira," akasema. "Sikuja kurudisha. Nimekuja nimwone mtani."

Shemeji akasimamisha cherehani. Akamkaribisha, akaagiza chai. Mama Yudith alikunywa taratibu, ndipo akaeleza. Kwa ukoo wao, alichokivua shangazi ni cha shangazi. Anaondoka nacho, ndiyo heshima yake. Zamani ilikuwa kaniki na shanga, nani angehesabu. Kasian aliyelelewa shule hakujua, na wazee walijua lakini hakuna aliyekumbuka kwamba safari hii nguo ni ya kukodi. Tungewapa ile wiki waliyoiomba, gauni zima lingekwenda Madibira.

Mimi ndiye niliyemshauri akubali. Shemeji hakunitazama, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Lakini hiyo ni nusu tu," Mama Yudith akaendelea. "Shangazi anavua, halafu anavika. Nilikwenda na kaniki yangu nimvike. Nikamkuta ana khanga. Nguo ya nani?"

"Yangu," akasema shemeji.

"Na aliyemfunga ni nani?"

"Mimi."

"Basi shangazi wa Matilda ni wewe. Mimi nimebaki na kilemba." Akakigusa kichwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ana mimba. Atajifungua mwezi wa kumi na moja. Mtoto wa kwanza anaogeshwa na shangazi aliyemvika mama yake, na hapo hakuna utani. Watakutegemea."

Miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona shemeji akilia juu ya kazi. Siku ile alilia. Aliinama juu ya mashine, akashika gurudumu lake bila kulizungusha, na machozi yakadondoka juu ya kitambaa cha mteja, yeye ambaye alikuwa akiwakataza mabibi arusi wasilie karibu na nguo. Mama Yudith alijimiminia chai nyingine, akasubiri.

Alipomaliza akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akaniita kwa sauti yake ile ile ya siku zote.

"Shemeji, waandikie wote waliouliza," akasema. "Mwezi wa kumi na moja gauni halitoki. Nitakuwa Mafinga, kwa mwanangu."