Taa ya Shangazi Mtoni

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo iliyonipa kazi hii ya kupiga picha ninayoifanya hadi leo hapa Kariakoo. Shangazi yangu Somoe alikuwa akiuza korosho Vietinamu, akanichukua nikampigie picha za safari. Alishaniambia waziwazi: picha zikiwa za ovyo, kamera naiweka chini, narudi dukani kwake kukata vitenge. Na mimi duka lile sikulipenda hata kidogo.

Jioni moja tukafika Hoi An, mji wa mtoni. Wanawake wenye kofia pana za majani walikuwa wakipiga makasia taratibu, na giza lilipoingia watu wakaanza kuweka majini taa ndogo za karatasi, kila moja na mshumaa wake. Mto wote ukawaka. Nikanyanyua kamera. Shangazi akanidaka mkono.

"We mtoto, toka hapo! Hiyo kafara ya watu. Unataka kurudi Ilala na mashetani ya ugenini?"

Usimcheke. Nani kati yetu angekuta mishumaa inaelea mto Msimbazi asitimue mbio?

Nikamponyoka, nikamsogelea bibi mmoja aliyechutama kwenye ngazi na taa yake. Kabla sijabonyeza, akaiziba lenzi kwa kiganja, akasema maneno kwa lugha yao. Binti wa mwenyeji wetu, Lan, aliyefuatana nasi, alikuwa amekaa Mtwara na baba yake wakinunua korosho, akatutafsiria: "Bibi anauliza, wewe hujafiwa na mtu? Weka yako kwanza, ndo upige za wenzio."

"Kumbe ni dua ya marehemu?" Shangazi, aliyekuwa amenifuata, akauliza.

"Ni dua, mama."

Shangazi alikuwa amefiwa na mumewe mwaka ule, na tangu mazishi hatukuwa tumemwona akilia. Akajifunga khanga vizuri, akamwambia yule bibi "Shikamoo" hivyohivyo kwa Kiswahili, akapokea taa. Akaiteremsha majini huku akitaja jina la mumewe, na machozi yakamtoka. Mimi nikaweka ya marehemu mama yangu. Ndipo bibi aliponigusa bega na kunyooshea kidole kamera.

Nilipiga picha moja tu, Shangazi mikono ikiwa bado majini. Ilipotoka kusafishwa Shangazi aliitazama, kisha akasema, "Dukani nitatafuta mtu mwingine." Nilifurahi mno, mwanangu.

Sasa ninyi simu haziwatoki mikononi. Nawaona pale Mnazi Mmoja mkimpiga picha mama anayekaanga mihogo, hata shikamoo hamjampa. Keti kwanza. Msalimie, muulize habari za nyumbani, shiriki kidogo anachokifanya. Jambo la watu usilolijua usilipe jina baya kabla hujauliza. Na mwenyewe akikataa, rudisha simu mfukoni, muagane vizuri.

Mungu ayabariki macho yako, mwanangu, na kila utakayempiga picha afurahi akikuona unarudi.