Alama Kumi za Mwalimu Birika

Wanafunzi walimwita Mwalimu Birika, maana kwa kugawa alama alikuwa na mkono wa birika kwelikweli. Jina alilijua na alilicheka. Miaka ishirini na sita mama huyu alifundisha hesabu katika shule ile ya mjini, ghorofa mbili zilizobanwa kati ya gereji na karakana ya mbao. Ukifungua dirisha, unafundisha kwa kupiga kelele. Ukilifunga, mnapikwa nyote. Na alikuwa na mtindo wake. Mtihani wa majaribio ukifika, mtoto akipata hamsini, yeye anaandika arobaini kwa wino mwekundu. Alama za kweli aliziandika kwa penseli kwenye daftari lake.

"Mtoto akijiona amefika, analala," alisema. "Acha aogope kidogo."

Na waliamka, usibishe. Hata mkuu wa shule wa sasa alikuwa mwanafunzi wake, mtoto wa fundi viatu, akabanwa kumi hizohizo mpaka akalia, halafu kwenye mtihani wenyewe akaongoza darasa. Siku aliporudi kuwa mkuu, mwalimu alimfunulia siri ya penseli, wakacheka mpaka machozi. Alimpenda kama mwanawe wa kumzaa.

Mwaka huu alikuwa na watoto tisa wa Jumamosi asubuhi, wale ambao hesabu iliwapiga chenga. Mmoja wao ni binti waliyemwita Kifutio. Akiandika jibu, hata likiwa sahihi, alilifuta mpaka karatasi itoboke. Mwalimu alihangaika naye miezi saba, akimwambia, "Mwanangu, liache likae." Kwenye majaribio ya mwisho Kifutio alipata arobaini na sita. Mwalimu akaandika thelathini na sita, akaenda zake nyumbani na furaha yake.

Jumatatu mkuu akamwita, akamwagizia chai. "Mwalimu wangu, nipe alama za watoto wako wa Jumamosi. Nataka niwatafutie msaada." Akampa orodha ya wino mwekundu yenye sahihi yake; ya penseli si mkuu aliijua?

Wiki mbili baadaye majina ya watahiniwa yalibandikwa ukutani. Wote tisa hawamo. Waliopata chini ya arobaini, tangazo lilisema, watarudia darasa ili wastani wa shule usishuke.

Mwalimu aliingia ofisini bila kubisha, mlango akauacha wazi.

"Unajua zile si alama zao. Ukiwarudishia kumi zao, wote wamevuka. Wewe mwenyewe nilikubana."

"Najua, mama," mkuu akasema, macho kwenye meza. "Lakini karatasi ina sahihi yako. Na usajili ulifungwa jana."

"Siku ile unaniomba, ulishajua utafanya hivi?"

Mkuu akaanza kupanga kalamu zake. Hilo lilikuwa jibu tosha.

Jamani, shukrani ya punda ni mateke. Umlee mtu, umpe mpaka siri ya kazi yako, naye akupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha siri hiyohiyo aigeuze kisu! Mwalimu alitoka. Alimchukia mkuu siku hiyo, na alijichukia mwenyewe, kwa kuwa wino ule ulikuwa wake.

Kifutio alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu, mimi nilipata ngapi?"

Angeweza kumdanganya. Akafungua daftari, akamwonyesha penseli. "Arobaini na sita."

Binti aliitazama ile namba. "Kumbe nilifaulu," alisema. "Na mimi nilimwambia mama hesabu siziwezi. Akaniambia nisijali, hata yeye hakuziweza."

"Nisamehe, mwanangu. Jumamosi njoo. Mwaka ujao utafanya, nitakuwa nawe mpaka mwisho."

"Nitakuja, Mwalimu." Alishuka ngazi mbili, akageuka. "Lakini ukiniambia nimepata, nitajuaje kama ni kweli?"