Chupa Zilizorudi Nyumbani Zimejaa

Alipokuwa mdogo aliwahi kumganda baba yake tangu chai ya asubuhi mpaka jua likawa kali, akitaka kujua kwa nini kuku akinywa maji lazima atazame juu. Baba alijitahidi, maskini. Alipoishiwa akasema kuku anamshukuru Mungu. Mtoto akauliza, mbona mbuzi hashukuru? Ndipo wakamwita Kwanini, na jina likamshika. Mpaka leo ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi atageuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Sasa ni mtu mzima, dereva wa foklifti, ile mashine fupi yenye meno mawili mbele ya kunyanyulia mizigo. Alianza kwa kufagia ghala la watu. Wenzake wakienda kula, yeye anakwenda kusimama kando ya mashine: usukani huu mbona mdogo, mkono ule wa nini, na huu je? Dereva mmoja akachoka naye. "Hebu panda mwenyewe ujionee!" Akapanda. Tangu siku hiyo ufagio ukapata mtu mwingine.

Aliyemtafutia kazi kwenye ghala hili kubwa ni shangazi yake, aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Shangazi alikuwa mmoja wa akina mama wanaofunga mizigo kwenye meza ndefu ya ndani. Aliposikia dereva anatafutwa, alimwendea msimamizi na kumbembeleza mpaka basi. Dereva mwanamke alikuwa hajawahi kuonekana pale. Msimamizi akakubali kwa shingo upande: majaribio, mpaka mwisho wa mwezi. "Akiharibu," alisema, "usije kunililia mimi."

Msimamizi huyo walimwita Filimbi, kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni juu ya kizibao chake cha kung'aa. Akiipuliza, hata paka wa ghalani alisimama. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu wa haraka, na mtu wa haraka haoni vitu vingi.

Kwanini yeye aliona. Kila asubuhi akina mama wakiingia, kila mmoja aliweka chupa ya maji kwenye kizingiti cha dirisha kubwa, zikapangika pale safi kabisa. Ghala lile lilikuwa la bati, joto lake hata nzi alilikimbia. Jioni kila mama alichukua chupa yake akaondoka nayo, imejaa vilevile, hata kizibo hakijaguswa.

Hee! Watu wanakunywa nini hawa?

Akaanza uchunguzi. "Dada, maji hunywi?" alimuuliza mmoja aliyekuwa akikunja maboksi. "Nitakunywa," akajibu, na midomo imempasuka. Mwingine akasema hana kiu. Wa tatu akacheka tu, akamwambia aangalie mashine yake isije ikamwangukia mtu.

Nyumbani ndiko alikoona maajabu. Shangazi alifika, hajavua hata kiatu, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, macho kayafumba. Kisha akaimimina ile chupa ya kazini kwenye sufuria ya kupikia.

"We mtoto, mbona unanichungulia koo?"

"Shangazi, kama hunywi, unaibeba ya nini?"

"Ya mkaguzi." Shangazi akaketi, akajishika kiuno. "Kuna mwenzetu alizimia kwa joto. Ikatoka amri kila mfanyakazi aje na maji. Mkaguzi akija anaangalia dirishani, anaziona chupa, anaridhika, anakwenda zake."

"Na kunywa?"

"Amri haikusema kunywa."

Kwanini akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Ndipo shangazi akamweleza. Choo cha wanawake kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa malori. Malori yale kutwa yanarudi nyuma, na dereva akirudi nyuma haoni mtu aliye karibu na tela. Mama mmoja alikanyagwa mguu pale, akapelekwa hospitali, kazini hakurudi tena. "Sasa ukinywa, utabanwa. Ukibanwa, utavuka. Kwa hiyo hatunywi."

"Lakini daktari alikwambia unywe maji mengi! Si alisema figo zako..."

"Daktari anavuka ule uwanja?"

Aibu ikamshika Kwanini. Yeye mwenyewe alikwenda chooni kila siku bila wasiwasi, kwa sababu alikwenda na mashine: taa inawaka juu, honi iko mkononi, nani asimwone? Hata hakuwahi kujiuliza wale wasio na mashine wanakwendaje. Yeye, Kwanini mzima!

"Kesho namuuliza Filimbi."

"Nakuomba." Shangazi alimshika mkono kwa nguvu. "Nimejidhalilisha kwa ajili ya kile kiti. Wanatafuta sababu tu ya kukutoa. Kaa kwenye mashine yako, funga mdomo, mwezi uishe. Sisi tumeshazoea."

Basi akajizuia. Sikudanganyi, Kwanini kujizuia kuuliza ni sawa na wewe kujizuia kupiga chafya. Alinyanyua mizigo, akapanga mizigo, akazitazama zile chupa, akameza swali. Hata madereva wanaume waliokuwa wakisubiri agonge nguzo walianza kukiri kwamba huyu mwanamke ana mkono. Mwezi ulikuwa umebaki kidogo tu.

Asubuhi moja, katikati ya kushusha mzigo, alimwona shangazi akiinama kwenye meza. Akafikiri ameangusha kitu. Lakini shangazi hakuinuka. Alikaa juu ya boksi, mkono kiunoni, uso umekuwa wa kijivu, akauma kanga yake asitoe sauti. Kisha akasimama, akaendelea kufunga mizigo.

Kwanini akashusha meno ya mashine, akazima, akashuka. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Akamkuta Filimbi mlangoni.

"Bosi, kwa nini akina mama hawaendi chooni?"

Watu wakageuka. Filimbi akamkodolea macho. "Umeacha mzigo katikati kuja kuniuliza habari za choo?"

"Ndiyo."

"Hawaendi kwa sababu ni wavivu wa kutembea. Uwanja wenyewe ni huo hapo. Mimi nauvuka kutwa nzima na hakuna lori lililowahi kunigusa."

Sasa hapo Kwanini alisahau hata hasira. Aliinamisha kichwa upande, kama enzi za kuku. "Kwa nini hayakugusi?"

"Kwa sababu wananijua."

"Wanakujua wewe, au wanaijua filimbi?"

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Nipe filimbi na hicho kizibao nikushikie," Kwanini akasema. "Nenda mpaka mlango wa choo, urudi. Nataka kuona tu."

"Na nikirudi salama," Filimbi alisema huku akivua filimbi na kizibao, "kile kiti kimekwisha leo. Hatungoji mwisho wa mwezi."

"Sawa."

Shangazi alijifunika uso kwa kanga.

Filimbi akaingia uwanjani kifua mbele. Lori la kwanza lilipita, akalisubiri, akageuka kuwatazama watu akitabasamu. Akaendelea. Akafika kati ya lori lililoegeshwa na ukuta wa matairi chakavu, na hapo lori jingine likaanza kurudi nyuma. Akainua mkono. Lori likaja. Akapiga kelele, ngurumo ya injini ikaimeza sauti yake. Akapiga bodi kwa kiganja, akaipiga tena kwa ngumi mbili, na lori likaja tu, taratibu, bila haraka, na yeye, ukuta nyuma yake, hakuwa na pa kwenda.

Kwanini alipuliza filimbi mpaka kizunguzungu kikamshika.

Uwanja mzima ukasimama. Dereva wa lile lori akatoa kichwa dirishani. "Bosi yuko wapi? Mbona simwoni?"

"Niko hapa," ikasema sauti ndogo kutoka nyuma ya tela.

Alirudi polepole. Hakumgombeza mtu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akachukua chupa ya kwanza aliyoifikia, akainywa yote bila kupumua. Ilikuwa ya shangazi.

"Mama," akamwambia alipomaliza, "huwa mnavuka hivi kila siku?"

"Hatuvuki," alijibu shangazi. "Ndiyo maana umeikuta imejaa."

Filimbi aliitazama ile chupa tupu mkononi mwake. Halafu akazitazama zile nyingine dirishani, mpaka ya mwisho. Akatoa ufunguo wa choo cha ofisini kwenye kishikio chake, akautundika kwenye msumari kando ya dirisha, akasema ni wa yeyote mwenye haja.

"Kwanini."

"Naam, bosi."

"Panda mashine yako. Yale matofali makubwa ya zege yaliyolala nyuma ya ghala, yapange safu mbili, kutoka mlango huu mpaka mlango wa choo. Lori lisiweze kuingia hata likitaka. Na hiyo filimbi baki nayo mpaka umalize."

Alisikia vizuri alivyosema: mashine yako. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, akatafuta ufunguo wa mashine uliokuwa mbele ya macho yake, akaukosa, akautafuta tena.

Kesho yake alikuwa anapita na mzigo alipomwona shangazi amesimama dirishani. Alikuwa amefungua chupa yake na anakunywa, mbele za watu, saa za kazi, maji yanamtiririka kidevuni. Kwanini akasimamisha mashine.

"Unaniangalia nini?" shangazi akauliza. Kisha akamtazama vizuri. "He! Wewe naye, kwa nini unalia?"

Kwanini akajifuta macho kwa kiganja. Shangazi akamalizia chupa yake, akaiweka dirishani ikiwa tupu, akatoka kwenda chooni katikati ya matofali, polepole, bila hata kugeuka kuangalia malori.